Disney ilipunguza nafasi 7,000, mbona wafanyakazi wakaongezeka?

Swali: Shikamoo mhasibu. Nipo mwaka wa mwisho, nasomea uhasibu. Kazi yangu ya utafiti inahusu upunguzaji wa wafanyakazi kwenye kampuni kubwa za burudani, hasa zenye bustani za michezo, na nimechagua Disney. Februari 2023 walitangaza kuondoa nafasi 7,000 na kuokoa dola bilioni 5.5. Nikagawanya, nikapata karibu dola 786,000 kwa mtu mmoja. Hakuna mkata tiketi anayelipwa hivyo! Halafu ripoti yao ya mwaka 2022 inasema wana wafanyakazi 220,000, na ya 2023 inasema 225,000. Sasa walipunguza au waliongeza? Msimamizi wangu anasema nimekosea kunakili. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukukosea kunakili. Tarakimu zote nne ulizoleta ndizo zilizotoka kwa kampuni yenyewe. Ulichokosea ni ile alama ya kugawanya.

Tuanze na bilioni 5.5, maana hapo ndipo wengi wanapotumbukia, waandishi wa habari wakiwemo. Tangazo la tarehe 8 Februari 2023 lilisomwa na Bob Iger, aliyekuwa amerudishwa kwenye kiti cha mtendaji mkuu miezi mitatu kabla. Nafasi 7,000 na dola bilioni 5.5 zilitajwa kwa pamoja, na msikilizaji akadhani ya pili inatokana na ya kwanza. Haikuwa hivyo. Bilioni 3 zilikuwa za kupunguza matumizi ya kutengeneza filamu na vipindi, ukiacha michezo, na zilitarajiwa kupatikana kwa miaka kadhaa. Hapo hakuna mshahara wa mkata tiketi hata mmoja. Zikabaki bilioni 2.5 za gharama nyingine za uendeshaji. Christine McCarthy, aliyekuwa mkurugenzi wa fedha wakati huo, aliwachambulia wawekezaji: kama nusu yake itatoka kwenye matangazo na masoko, kama asilimia 30 kwenye wafanyakazi, na asilimia 20 kwenye teknolojia, manunuzi na mengineyo.

Chukua kikokotoo chako tena. Asilimia 30 ya bilioni 2.5 ni dola milioni 750. Gawanya kwa 7,000, unapata karibu dola 107,000 kwa nafasi. Hiyo ni tarakimu inayoingia akilini: mshahara wa mtu wa ofisini Marekani, pamoja na bima ya afya, mchango wa pensheni na kodi anazolipa mwajiri juu yake. Bado ni makadirio, kwa sababu ndani ya milioni 750 unaweza kuwemo akiba ya nafasi zilizoachwa wazi bila kujazwa. Lakini inakuonyesha ni watu wa aina gani waliolengwa. Kibarua wa saa kwenye bustani hagharimu laki moja ya dola kwa mwaka. Kule Florida vyama vya wafanyakazi wa Walt Disney World vilikuwa ndiyo kwanza vinapigania kima cha chini cha dola 18 kwa saa, na wakakipata kwenye mkataba waliouidhinisha mwezi Machi mwaka huohuo. Zidisha 18 kwa saa 40 kwa wiki 52, hufiki hata dola 38,000.

Na kweli, duru za barua za kuagana zilipoanza mwishoni mwa Machi 2023, ilifahamika kwamba wafanyakazi wa saa walio mstari wa mbele bustanini na hotelini hawatarajiwi kuguswa. Huruma haikuwa sababu. Mwaka wa fedha 2022 biashara yao ya kurusha filamu moja kwa moja kwa mtazamaji, Disney+ na wenzake, ilipata hasara ya uendeshaji ya kama dola bilioni 4. Bustani, meli na hoteli, pamoja na bidhaa zao, zilifunga mwaka wa fedha 2023 zikiwa na faida ya uendeshaji ya karibu dola bilioni 9. Ng'ombe anayekamuliwa humnyimi majani.

Sasa kitendawili chako cha pili, 220,000 kuwa 225,000.

Idadi ya wafanyakazi kwenye ripoti ya mwaka ni picha ya siku moja. Mwaka wa fedha wa Disney hufungwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Septemba, na idadi inayochapishwa ni ya siku hiyo. Ndani ya miezi kumi na miwili kati ya picha mbili, maelfu wameingia na maelfu wametoka. Bustani hasa ni mahali watu wanapopita kama stendi: wanafunzi, wastaafu, watu wenye kazi mbili. Hizo 7,000 ni nafasi zilizoondolewa kwa uamuzi mmoja, zile 225,000 ni matokeo ya maamuzi yote ya mwaka mzima, pamoja na kuajiri. Ofisini wakatoa, kwingine wakaendelea kujaza. Kwa hiyo hawakudanganya. Walitangaza sauti ya juu upande mmoja wa daftari tu, na hilo kampuni zote hulifanya wanahisa wanapokuwa na hasira. Wakati ule mwekezaji Nelson Peltz alikuwa anatafuta kiti kwenye bodi, na siku moja tu baada ya tangazo akasitisha kampeni yake. Alirudi tena baadaye, akashindwa kwenye kura ya Aprili 2024, ila hilo si la utafiti wako.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo ripoti haitakupa kirahisi. Kichwa kimoja kwenye ile hesabu kinaweza kuwa mtu wa saa 40 kwa wiki au mtu wa saa 12. Wote wanahesabiwa mmoja mmoja. Mimi nililijua hili kwa jasho, si darasani. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natayarisha bajeti ya hoteli moja ya ufukweni Unguja. Mwenye mali akaagiza gharama za watu zishuke kwa asilimia 15 kabla ya masika, na asifukuzwe mtu, maana wengi walikuwa watoto wa kijiji kilekile na hakutaka maneno. Tukakata zamu. Orodha ya majina ilibaki ndefu vilevile, lakini mishahara ya mwezi wa tano ilikuwa myembamba hadi mpishi mmoja akaja kuniuliza kama nimesahau sifuri. Kwenye ripoti kwa mwenye mali niliandika "hakuna aliyepunguzwa". Ilikuwa kweli, na bado naona haya kidogo.

Bustani ya burudani ina kisu hichohicho mkononi, ila kikubwa zaidi. Chukua mfano wa kubuni: mgahawa mmoja ndani ya bustani una watu 40, kila mmoja saa 30 kwa wiki, jumla saa 1,200. Meneja anafungua saa moja baadaye, anafunga kaunta moja siku za katikati ya wiki, kila mtu anabaki na saa 25. Jumla saa 1,000. Zimepotea saa 200, sawa na watu watano wa saa 40, na hakuna barua iliyoandikwa wala ofisi ya serikali iliyoarifiwa. Kinyume chake pia hutokea: unaajiri vijana wengi wa msimu kwa saa chache, vichwa vinapanda na saa zinashuka. Ndiyo maana mhasibu wa bustani hulala na ripoti ya saa za kazi kwa kila mgeni aliyeingia, si orodha ya majina. Kwenye utafiti wako ongeza safu ya wafanyakazi waliogeuzwa kuwa sawa na wa muda wote. Pale usipoweza kuikokotoa, sema wazi kwamba ripoti haikupi saa.

Ukitaka kuona vichwa na tangazo vikienda pamoja, rudi 2020. Bustani za Marekani zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona. Aprili kampuni ikawapeleka zaidi ya watu 100,000 likizo bila malipo, bima ya afya ikiendelea. Florida ilifunguliwa Julai, California ikabaki na kufuli hadi tarehe 30 Aprili 2021. Septemba 29, 2020, ndipo likaja tangazo la kuondoa watu 28,000 upande wa bustani na bidhaa, asilimia 67 wakiwa wafanyakazi wa saa chache, si wa muda wote, na Novemba hesabu ikapandishwa hadi 32,000. Vichwa: kama 223,000 mwishoni mwa mwaka wa fedha 2019, 203,000 mwaka 2020, 190,000 mwaka 2021. Unaona inavyoshuka.

Lakini hata hapa kuna mtego. Ile 203,000 ni picha ya tarehe 3 Oktoba 2020, siku nne baada ya tangazo, kabla ya wengi kuondoka. Ripoti hiyohiyo ilisema kuna watu kama 37,000 wengine, wasiokuwa kwenye orodha ya kuondolewa, ambao bado wako likizo bila malipo. Mtu wa likizo bila malipo ni mwajiriwa kwenye karatasi. Ukigawanya gharama za mishahara za mwaka ule kwa vichwa vya mwaka ule, utapata wastani wa ajabu, na kosa halitakuwa la Disney.

Ulitaja kwa kifupi, pale chini ya barua yako, kwamba huelewi kwa nini kampuni inayookoa inaandika hasara kwanza. Angalia Galactic Starcruiser, hoteli yao ya vyumba 100 kule Florida iliyofunguliwa Machi 2022, ambako wageni wawili walilipa karibu dola 4,800 kwa usiku mbili. Mei 2023 walitangaza kuifunga, na wageni wa mwisho waliondoka Septemba 30, 2023. Tazama hiyo tarehe tena: ni siku ileile ya kufunga mwaka wa fedha. Jengo ulilopanga kulichakaza vitabuni, yaani kuigawa gharama yake kidogo kidogo, kwa miaka mingi, ukiamua litakufa baada ya miezi minne, uchakavu wote uliobaki unauvuta ndani ya miezi hiyo minne. Gharama inaruka juu mwaka huu ili mwaka kesho uwe mwepesi. Malipo ya kuwaaga wafanyakazi hufanya vivyo hivyo, yanaandikwa mapema na akiba inakuja baadaye.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi, mimi si mwanasheria. Marekani ina sheria ya 1988 inayomtaka mwajiri wa watu 100 au zaidi kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kupunguza wengi kwa mkupuo; California yenyewe inaanzia kwa watu 75. Kwenye kupima kama kiwango kimefikiwa, sheria ya shirikisho haiwahesabu wanaofanya wastani wa chini ya saa 20 kwa wiki. Kumbuka wale asilimia 67 wa saa chache. Na sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kulipa kiinua mgongo chochote, tofauti na kwetu ambako aliyemaliza mwaka ana haki ya angalau siku 7 za mshahara kwa kila mwaka, hadi miaka 10.

Kuna aina moja ya kubana matumizi usiyoigusa kabisa. Mwanzoni mwa 2015 Disney iliwaondoa wafanyakazi wa teknolojia kama 250 huko Orlando, kazi zikachukuliwa na kampuni za nje, na baadhi yao walisema waliagizwa kuwafundisha waliokuja kuwarithi. Waliokwenda mahakamani hawakufanikiwa. Kazi ilibaki, mtu akabadilika, na gharama ikahama kutoka mstari wa mishahara kwenda mstari wa huduma za nje. Jedwali lako, lilivyo sasa, lingeandika hapo akiba tupu.

Kwa hiyo mpelekee msimamizi wako kurasa zenyewe za ripoti, umalize ubishi wa kunakili. Ila futa kwanza ule wastani wa 786,000. Akiuona huo, hatasoma ukurasa wa pili.