Maswali ya Wasomaji: Mivinje Yangu Itafika Mita Ngapi?

SWALI: Nina shamba la mivinje ng'ambo ya Likoni, iliyopandwa wakati wa masika. Ilipotimiza miaka miwili nilipata wastani wa kimo wa mita 4, na ilipotimiza mitatu, mita 6. Mnunuzi wa boriti anataka tuandikiane sasa bei ya miti ya mita 12, kwa kuwa, asema, inaongeza mita 2 kila mwaka na katika mwaka wa sita itafika hapo. Je, hesabu yake ni sahihi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usitie sahihi bado, ndugu msomaji. Hesabu ya mnunuzi inachukulia kwamba mti hurefuka kwa mwendo mmoja miaka yote, ilhali mvinje hukimbia ukiwa mchanga, kisha nyongeza yake ya kila mwaka hupungua.

Mwaka 1939 mtaalamu wa misitu wa Marekani, Schumacher, alitoa kanuni isemayo kwamba logi ya kimo (yaani logariti ya hesabu, ambamo hatua zilizo sawa humaanisha kuzidi kwa uwiano sawa) hufuata mstari ulionyooka ikilinganishwa na moja gawanya kwa umri. Kwa umri wa miti yako, kanuni hiyo ina njia ya mkato. Tofauti ya 1/2 na 1/3 ni 1/6, na tofauti ya 1/3 na 1/6 ni 1/6 vilevile. Kwa hiyo kimo kitazidi kati ya mwaka wa tatu na wa sita kwa uwiano uleule kiliozidi kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Yako ilipotoka mita 4 hadi 6 ilizidi mara moja na nusu. Zidisha 6 kwa moja na nusu, upate mita 9.

Hiyo 9 nayo isikulevye. Ikiwa kipimo cha mwaka wa pili kilikuwa mita 4.4 kwa kweli, kosa la sentimita 40 tu, makadirio yatashuka hadi karibu mita 8.2. Ndiyo maana naujali upimaji kuliko kanuni yenyewe. Je, ulipima miti ileile mara zote mbili, na katika mwezi uleule? Miti dhaifu ikifa au ikipunguzwa, wastani hupanda ingawa hakuna mti uliorefuka, na wanamisitu huikwepa hila hiyo kwa kupima miti minene tu, kwa kawaida 100 kwa hekta, yaani kama 40 kwa ekari. Itie alama ya rangi, uipime kila Machi kabla ya masika. Tena, sehemu yenye udongo wa kina na ile yenye mwamba wa matumbawe karibu zisichanganywe katika wastani mmoja. Mvinje ni mvumilivu, hata machimbo ya mawe ya saruji ya Bamburi, Mombasa, yalioteshwa msitu kwa mti huo tangu mwaka 1971, lakini kuvumilia ardhi mbovu si kurefuka sawa na penye rutuba.

Isitoshe, bei ya boriti hutegemea sana unene, na unene hubadilika mno kwa msongamano wa miti, wakati kimo hakiguswi sana nao. Kwa hiyo mwambie mnunuzi mpatane bei ya kila boriti kwa mzunguko wake siku ya kukata, na kabla ya hapo upime tena miti itakapotimiza miaka minne: kwa kanuni hii inapaswa kuwa karibu mita 7.3, na ikipungukiwa, punguza na matarajio ya mwaka wa sita.