Kuzurura Ujiji kwa miguu

Dada, umeuliza kama huku Kigoma kuna pa kuzurura kwa miguu kama Mji Mkongwe wa Zanzibar, bila kupigiwa honi kila hatua. Vichochoro vya kule, vyembamba hata gari halipenyi, kwetu havipo. Lakini nenda Ujiji. Panda daladala toka mjini, ukishuka achana na lami, fuata njia za vumbi zinazoteremka ziwani. Bodaboda zitapita mojamoja, basi.

Wageni wengi huishia kwenye makumbusho, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wakapiga picha chini ya miembe na kuondoka. Wanajipunja kweli! Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa iliyopita Tabora kutoka pwani, na ndiyo maana huku bara kabisa utakuta mji wenye uswahili wake: misikiti, kanzu, wazee barazani. Watolee shikamoo, ukikaribishwa kaa. Mimi hapo ndipo ninapopapenda kuliko popote mkoani. Nenda alasiri jua likipoa, na usipange kitu kingine siku hiyo.