Jibu: Wapi pa kupata picha za MRI za ubongo bila malipo

Ndugu, umeuliza utapata wapi picha za MRI za ubongo kwa ajili ya tasnifu yako, na kama unaweza kuweka na za kwako. Anza na OpenNeuro, hifadhi ya mtandaoni ya data za ubongo iliyo wazi kwa wote. Data zake zimepangwa kwa mfumo wa BIDS, yaani kanuni ya pamoja ya kupanga folda na kuyapa mafaili majina, uliochapishwa mwaka 2016, kwa hiyo ukizoea folda moja umezoea zote: sub-01 ni folda ya mshiriki mmoja, ndani yake anat yenye picha za umbo la ubongo na func yenye za ubongo ukiwa kazini. Kabla hujapakua chochote, fungua jedwali la participants.tsv, kwa kawaida humo mna umri na jinsia ya washiriki. Rekodi za umeme wa seli za neva zitafute DANDI, hifadhi nyingine ya mtandaoni.

Kuhusu za kwako, nakusihi sana: ondoa sura kwanza, kwa programu kama pydeface. Kufuta jina hakutoshi, maana picha ya kichwa huweza kuundwa upya ikatoa uso unaotambulika. Pia OpenNeuro hutoa data kwa leseni ya CC0, yaani yeyote anaitumia apendavyo. Kama fomu ya ridhaa haikuwaeleza washiriki hivyo, rudi kwa kamati ya maadili kabla ya kupakia hata faili moja.