Geji yasema nusu, tangi karibu kavu

SWALI: Gari letu la rali lina tangi la mafuta la lita 60 na sensa ya boya (boya huelea juu ya mafuta). Geji ikionyesha nusu, zimebaki kama lita 15 tu. Tufanyeje? – Msomaji, Industrial Area, Nairobi

JIBU: Huenda tangi lenu ni jembamba chini, kwa hiyo nusu ya kimo si nusu ya lita. Sensa hupima kimo cha mafuta tu.

Egesheni gari nje, mahali tambarare, likiwa limeinuka kutoka ardhini kama kwenye mashindano. Kizima moto kiwe karibu. Ondoeni mafuta yote. Lita 10 za kwanza mimineni moja moja, kisha tano tano, kwa chombo cha kupimia. Alama za jerikeni msiziamini. Kila mara fungeni kifuniko, subirini dakika mbili sifongo la ndani ya tangi (la kupunguza mafuta kuchapa) linywe, ndipo mwashe swichi, msome volti ya sensa na kuiandika pamoja na lita zilizomo. Jedwali hilo liingizeni kwenye kompyuta ya gari. Mafuta ambayo pampu haifikii yahesabiwe sifuri.

Volti ikirukaruka gari limesimama, kagueni waya wa ethi (unaounganisha sensa na bodi ya gari), au kama boya linakwama kwenye sifongo. Ikiruka kwenye kona tu, ni mafuta yanayoegemea upande: kwenye kompyuta wekeni geji ionyeshe wastani wa sekunde 20 hivi.