Swali la lugha: gauni limemkaa lakini halijamkubali, Kiingereza chake kipi?

Swali la leo limetoka kwa fundi cherehani wa hapa Mtwara mjini. Anasema kamshonea mteja Mmarekani gauni la kitenge, mteja kalivaa palepale kibandani, fundi kwa furaha akamwambia "Madam, you have pleased, you are smart!" Mteja akatabasamu tu, akajigeuza kwenye kioo akasema "It fits, but I don't think it suits me." Fundi akajua kiuno ndo kina shida, akafumua usiku kucha akashona upya, kesho yake mteja kavaa tena na maneno ni yaleyale. Anauliza kakosea wapi.

Kaka fundi, mkono wako hauna kosa hata kidogo. Mbona hayo mambo mawili hata sisi tunayatenganisha vizuri tu: tukisema gauni limekukaa, au limekutosha, tunaongelea mwili, kifua hakibani, bega halijalegea, zipu inapanda bila kuvutana, na hiyo ndo "It fits you". Ila tukisema limekupendeza, au kama wasemavyo vijana limekukubali, hapo ni rangi na mtindo na huyo aliyevaa, na hiyo ndo "It suits you". Gauni linaweza likakutosha kila kona na bado likakukataa. Kwa hiyo mteja alikuwa anakwambia vipimo vyako viko sawasawa, labda ni lile ua kubwa la kitenge au rangi ndo hakuiona yake, na wewe ukakesha unafumua mshono mzuri kabisa, imeniuma kwa kweli. Halafu usije ukasema "It suits on you", hiyo "on" kaa nayo kwenye "It looks good on you" tu. Kilemba kikiendana na gauni, hiyo ni "match".

Sasa "umependeza". Hii -me- yetu mara nyingi inaonyesha hali aliyonayo mtu sasa hivi, amelala, amesimama, amependeza, Mwingereza hapo anatumia wakati uliopo tu, "You look nice" au "You look lovely". Ukisema "You have pleased" anabaki anasubiri umalizie, amemfurahisha nani? Na usikimbilie "You look well" kwa kuwa "well" ni vizuri, hiyo ni ya afya, mwambie mtu aliyekuwa anaumwa ukamkuta ana nguvu zake.

Kwenye "smart" hukukosea sana. Smati yetu ni ya mavazi, na Waingereza nao "You look smart" kwao ni umevaa nadhifu, lakini Mmarekani akisikia "You are smart" anaelewa umemsifia akili. Ndo maana alitabasamu tu.

Na kwa kuwa unapokea wageni nikuombe hili. Huku kwetu mtu akirudi toka Dar ukamwambia umenenepa anafurahi, ni kwamba maisha yamemkubali, na mwali akitolewa nje ametakata na mashavu yamejaa, shangazi zake ndo vigelegele haviishi. Hiyo sifa usiitafsiri. "You have become fat" kwa mgeni ni tusi, hata "You have gained weight" wengi inawachoma, na wewe fundi unayewashikia futi kiunoni ndo usiiseme kabisa, namba isome kimoyomoyo uandike kwenye daftari.

Akirudi, kabla hujashika mkasi muulize "Is it the size or the colour?" Akisema "size" chukua futi, akisema "colour" mshushie vitenge vingine toka kwenye shelfu, ajiwekee kimoja kimoja begani mbele ya kioo, na kile kitakachomkubali mwambie "That one really suits you."