Ni komfri-mwitu, angalia majani ya juu
Umeuliza mmea ulioukuta msituni unaitwaje. Maua ya samawati iliyopauka yenye petali tano, na shina moja lenye manyoya lisilotoa matawi hadi kileleni: mmea huo ni komfri-mwitu wa mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, Cynoglossum virginianum. Kinachonipa uhakika ni majani ya juu. Hayana vikonyo, na sehemu ya chini ya kila jani imelikumbatia shina. Komfri ya bustanini, mmea mwingine wenye jina linalofanana, ina maua ya umbo la kengele yanayoinama; haya yamefunguka wazi. Rudi yakishapukutika, utaona vijitunda vinne vinne vyenye vimiba vinavyonasa nguo. Tafadhali usiuchemshe kunywa kama dawa, maana jenasi hii (kundi la mimea ya jamaa moja) ina alkaloidi, yaani kemikali za mmea, zinazoharibu ini.