Usaili wa snea: anza na miguu mdogo wangu

Mdogo wangu, umesema una usaili wa snea (ile ngoma ndogo ya gwaride yenye mlio mkali) mwezi wa 12 kwenye kikosi kimoja cha DCI huko Marekani, yale mashindano ya vikosi vya ngoma na tarumbeta, na pakiti ya mazoezi ya usaili umeikariri yote ila spidi inakutisha. Achana na spidi kwa sasa. Washa metronomu (kile kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye 80 kwa dakika, simama, piga huku unakanyaga mguu kushoto kulia hapo hapo uliposimama, manake hapo ndo wengi wanapoangukia, mikono iko fresh kabisa lakini mguu umechelewa kidogo tu na mwalimu keshaona. Mi mwaka wangu wa kwanza nilirudishwa nyumbani kwa hilo hilo na iliniuma sana.

Zoezi la nane nane (mapigo 8 kulia, 8 kushoto) lipige kila siku, vijiti vikipanda inchi 3 halafu inchi 9, weka simu pembeni ujirekodi alafu angalia ncha za vijiti, kama cha kushoto hakifiki juu kama cha kulia rudi taratibu hadi vilingane. Usipigie pedi ya mazoezi tu jamani, ngoma yenyewe inajibu tofauti.

Siku yenyewe ukirekebishwa badilisha hapo hapo, usijitetee, wanataka mtu anayefundishika. Beba maji na viatu vya raba vizuri.

Na ongea na wazazi mapema kuhusu ada, ni maelfu ya dola, na kiangazi chote uko barabarani mpaka fainali Indianapolis mwezi wa 8.